Shemeji, Breki za Nyuma Sikuzifungua

Shemeji yangu mpendwa, Baba Zawadi,

Salamu nimezifupisha makusudi. Nina jambo la kukiri, na nikianza na habari za mvua nitapata pa kujificha.

Wiki zako za mwisho kitandani uliniomba kitu kimoja: niangalie breki za gari kila mwezi mpaka Zawadi atakapolichukua. Hukuniomba nimwangalie dada yangu; ulijua mkeo anajiangalia mwenyewe. Nikakubali kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema.

Unakumbuka ulivyonifundisha. Gari lilikuwa ndiyo kwanza limefika kutoka Dar, limeshapita mikononi mwa watu wawili kabla yako, na wewe hukumwamini hata mmoja wao. Ukaniita kutoka kwenye cherehani yangu hapa Gungu, futi ikiwa shingoni, ukanichuchumaza kando ya tairi la mbele. Ukanionyesha pedi kupitia matundu ya rimu: ikibaki unene wa njiti mbili za kiberiti ibadilishwe, tusisubiri chuma kikwaruze chuma. Ukanishika kidole ukakipitisha kwenye diski, ili ukucha uhisi kama kuna mfereji. Ukafungua boneti ukaniambia mafuta ya breki yakipungua nisikimbilie kuongeza, kwanza niulize pedi zimeliwa kiasi gani. Mimi nikauliza kama diski nayo ina upande wa ndani na wa nje, kama kitambaa. Ulicheka mpaka dada akatoka jikoni kuangalia nani kaumia.

Halafu ukasema, "Shemeji, ya mbele inajionyesha. Ya nyuma inajificha. Mtu mvivu utamjua kwa breki za nyuma."

Basi, umemjua.

Kule nyuma hakuna pedi za kuchungulia. Kuna shuu mbili zimefungiwa ndani ya dramu, na kuziona lazima upige jeki, utoe tairi, ugonge dramu kwa nyundo mpaka liachie. Mimi kila mwezi nilichuchumaa mbele, nikachungulia, nikainuka nikijifuta mikono ambayo haikuchafuka. Mara moja tu nilijaribu nyuma, kupitia kile kitundu cha nyuma ya dramu la kushoto, chenye kifuniko cha mpira. Nikakitoa kifuniko, nikaona giza, kikaniponyoka na kupotelea mchangani. Mteja akaniita kuhusu suruali yake. Sikurudi.

Baadaye dada akanituma Mwandiga kuchukua madumu mawili ya mawese. Moja mfuniko wake ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa kipande cha nailoni kama tufanyavyo wote, nikalilaza ndani ya buti kwa kuwa wima halikuingia. Lile tundu la kutu kwenye sakafu ya buti, juu ya tairi la kushoto, unalijua. Nilipofika nilipangusa yaliyomwagika, nikamshukuru Mungu kwamba ni kidogo.

Sasa Zawadi amepata kazi ya uuguzi Kasulu. Alipanga kuondoka Jumamosi na mama yake, na gari hilohilo, kwenye miteremko ileile uliyokuwa ukiisema vibaya. Akaniuliza habari za breki. Nikamwambia ziko salama.

Ijumaa tukaenda Bangwe kumuaga mama yako. Zawadi anaendesha, dada kakaa mbele, mimi nyuma kama mzigo. Mteremko wa kwanza tukasikia harufu ya mawese yaliyopata moto. Nikasema kuna mtu anakaanga mihogo. Mteremko wa pili, harufu tena. Nikasema watu wa huku wanakula mapema. Wa tatu, Zawadi akanitazama kwenye kioo.

"Mjomba, hiyo nyumba inayokaanga mbona inatufuata?"

Dada alicheka. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu kuliko yeye.

Mbele ya kwa mama yako, pale penye kimteremko, Zawadi akavuta handbreki mpaka karibu na kwapa, akaachia pedali. Gari likaanza kwenda lenyewe, taratibu, kuelekea dagaa wa jirani walioanikwa. Zawadi akakanyaga tena. Nikaruka nje mbio, na kwa umri wangu mbio ni neno la heshima tu, nikatega jiwe. Mama mwenye dagaa hakupiga kelele. Aliuliza kama tumekuja kununua au kumsaidia kuanua. Mama yako naye akatoka, akanusa, akauliza maharage yako wapi.

Zawadi akashuka. Akapiga jeki, akatoa tairi, akagonga dramu. Shuu zilikuwa zimelowa mawese, zinang'aa, na zimeliwa hadi karibu na chuma. Nikashauri tuzioshe kwa petroli na sabuni.

"Iliyokunywa mafuta haioshwi, Mjomba. Inatupwa." Kisha akauliza polepole, "Dramu hili ulilifungua lini?"

Wote watatu, dada, mama yako na mama wa dagaa, wakanigeukia. Nilikuwa na majibu kadhaa tayari, na mengine yalikuwa mazuri.

"Sijawahi," nikasema. "Tangu baba yako alipolifungua yeye. Na kifuniko nilikipoteza mimi. Na mawese niliyabeba mimi."

Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kesho tungekuwa humu, mimi na mama."

Jumamosi hawakusafiri; gari lililala palepale kwa mama yako. Nilikwenda madukani Mwanga nikarudi na bodaboda, nimekumbatia boksi la shuu mpya za kulia na kushoto. Alizifunga mwenyewe, kwa mikono iliyokuwa ikikupa spana tangu yuko darasa la tatu. Akaziba kitundu cha dramu na tundu la buti, kisha akasema mafuta ya breki yamezeeka, tuyatoe tutie mapya, akanikalisha kwenye usukani, akaingia chini ya gari.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Sikumwona. Nilisikia amri tu, kavu, ikitoka kule chini ulikokuwa ukilala wewe, nikakanyaga, nikashikilia, nikaachia. Mwanzoni pedali ilizama kama kwenye tope. Baadaye ikawa ngumu chini ya mguu wangu. Dada alikuwa anamenya vitunguu mlangoni, akaweka kisu chini.

Jumapili asubuhi alilijaribu kwenye mteremko akiwa peke yake, mara nne. Nilipomuuliza kama niwe nakwenda Kasulu kila mwezi kuangalia, alisema hapana, ataangalia mwenyewe, mbele na nyuma. Kazi uliyonipa nimenyang'anywa, Shemeji, na sikubisha.

Wakaondoka, yeye na dada. Walipofika njia panda nilikuwa bado nimesimama barabarani. Taa nyekundu za breki zikawaka, gari likasimama palepale, lori likapita mbele yao. Kisha wakaenda.

Nisamehe, na upumzike.

Shemeji yako,
mjomba wa Zawadi