Baiskeli ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Watoto wamemwaga uji tena. Nimepiga deki darasa, nimewaimbia, wamelala. Uzi mmoja wa gitaa umekatika, napiga na zilizobaki. Jioni nimepita studio ya Sele, hapa Ipuli, nyuma ya mashine ya kusaga. Nimemwimbia ule wimbo wa Baba. Kantri ya Kimarekani, taratibu, kama kanda alizokuwa akipenda. Baba anatoka Sikonge na madumu ya asali kwenye baiskeli, mchanga njia nzima, hadi siku ile lori lilipomgonga. Sele alifumba macho. Nikadhani anakaribia kulia. Kumbe alikuwa anatafuta biti.

Ijumaa, 14 Machi
Nimerekodi mara mbili. Moja taratibu, gitaa tupu. Nyingine Sele ameikimbiza, ngoma na kinanda, akaondoa ubeti wa lori. Anasema wimbo wa msiba haupigwi harusini. Nikamwambia sikuuandika kwa ajili ya harusi.
"Dada Kabula, niachie mimi."
Nimemwachia. Sijui kwa nini. Njaa ilikuwa inauma, nilitaka kwenda nyumbani.

Jumamosi, 29 Machi
Ametoa ule wa haraka mtandaoni. Mabinti wa saluni wamejirekodi wakiucheza. Mikono mbele, wameshika usukani wa hewa, magoti juu, chini. Wanaendesha baiskeli. Wanacheka. Na mimi nilicheka, halafu nikaingia chooni nikalia. Sijielewi.

Jumanne, 8 Aprili
Redioni asubuhi, redioni jioni. Bodaboda wanaupiga mluzi. Darasani watoto wanakanyaga pedeli hewani: "Mwalimu, tumepatia?" Nikasema mmepatia.
Mtu wa Dar amepiga simu. Anataka mkataba. Anataka nivae kofia pana na buti. Kantri na pop pamoja, anasema, mwanamke, tena kutoka Tabora, hiyo itauza. Nimefurahi. Nisijidanganye, nimefurahi sana, nimelitaka hili tangu nikiwa msichana. Ila sauti ile ya redioni ni nyembamba, wameivuta kwa kompyuta. Simjui huyo anayeimba.

Jumapili, 4 Mei
Nimerudi jana kutoka shoo ya Mwanza. Umati. Walijua maneno yote. Nikajaribu kuanza taratibu, na ubeti wa lori. Wakapiga kelele: "Baiskeli! Baiskeli!" Nikawapa baiskeli. Nilipoanza kukanyaga pale jukwaani nilimwona Baba barabarani, kama walivyomkuta siku ya lori, ana kiatu kimoja. Miguu yangu haikusimama. Mtu wa aina gani anacheza hivyo?
Leo sikwenda kanisani.
Mama hajaniuliza kitu kuhusu wimbo. Nikienda kwake Kwihara tunaongea habari za shule na mahindi. Ama hajausikia, ama ameusikia na hataki kunitazama usoni. Sijui lipi ni baya zaidi.

Ijumaa, 16 Mei
Kesho shoo ni uwanjani, hapa hapa Tabora. Sura yangu imebandikwa stendi, nimejipita bila kujitambua. Mjomba amepiga, anamleta Mama. Nikamwomba asimlete. Akasema Mama ndiye aliyeomba. Sijala.
Nimemwambia Sele kesho naimba ule wa taratibu tu. Akasema watu wanakuja kucheza. Basi nitaumwa, nikasema. Akajibu niumwe baada ya shoo.

Jumamosi, 17 Mei
Niliimba taratibu. Beti mbili. Uwanja ukapoa, mtu akazomea. Mama alikuwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, na kitenge chake cha kanisani. Hakuwa analia. Aligeuka kuwatazama watu nyuma yake, akawaonea huruma, nilimwona. Sele naye akawaona, akaachia biti bila kuniuliza. Nilitamani kumrukia. Uwanja ukalipuka.
Na Mama akasimama. Na lile goti lake bovu. Akashika usukani wa hewa, akakanyaga, Mjomba kamshika kiuno asianguke. Niliimba hadi mwisho. Sikumbuki niliimba nini.
Nyuma ya jukwaa nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.
"Kwani unadhani baba yako aliendesha akilia? Alikuwa anaimba tangu Sikonge, na ile sauti yake mbaya, watu wanamcheka njia nzima. Anayelia ni wewe."
Nikamuuliza, na lori je?
"Lori ni siku moja, Kabula."
Halafu akaomba soda.

Jumatatu, 19 Mei
Kwihara. Mvua zimekwisha. Tumemenya karanga, tumechuma mlenda. Mtu wa Dar bado anapiga kuhusu mkataba, simu nimeiacha ndani chini ya mto. Keshokutwa tunaanza shoo Nzega, halafu Igunga. Nitaimba ule wa haraka. Nimemwambia Sele aurudishe ubeti wa lori, kwa kasi ileile, wacheze nao wakitaka. Amekubali, au amechoka kubishana.
Maneno ya Mama yamenituliza na yameniumiza. Huenda nilimwandikia Baba wimbo bila kumkumbuka vizuri. Huenda Mama ndiye aliyechagua kumkumbuka akiimba. Nilikuwa mdogo, nilimwona akifika tu, amechoka. Nilitaka kumuuliza leo, nikakosa pa kuanzia.
Amesinzia kwenye mkeka, maganda ya karanga bado yako mapajani. Nimeepua chungu polepole, nisimwamshe.