Mkono wa Kendrell

Nyumba namba 14, Mtaa wa Sycamore,
Harlow Bend, Mississippi.
Jumapili, 5 Novemba 2023.

Mpendwa mdogo wangu Ozella,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo mama alivyotulea. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wa shemeji Lonnie umemruhusu kulala. Sisi hapa tu wazima. Clemon anakohoa kila asubuhi lakini ukimtajia daktari anachukua kofia na kutoka. Mimi bega langu linauma kila mvua ikikaribia, ila mwaka huu linauma na mvua haiji. Nyasi za uwanjani zimekauka.

Najua utashangaa kupata barua. Tangu mwezi wa tisa sipokei simu zako, na hujaniuliza kwa nini, maana unajua. Ningeweza kupiga leo, lakini kwenye simu wewe huongea na mimi humeza maneno. Nikiituma kesho asubuhi itakufikia Jumatano. Isome kabla ya Alhamisi jioni, kabla wachezaji wa chuo hawajaja kula kwako. Tafadhali usiitupe kwenye droo ukasema utaisoma Jumapili.

Nianze na mpira, huu wetu wa mikono na kofia ngumu, uone nilivyo na subira.

Jana Korongo wetu, vijana wa chuo cha hapa, wamefungwa ishirini kwa kumi na tatu, hapa hapa nyumbani. Msimu huu tumeshinda mara tano na kufungwa mara nne. Robo ya kwanza tulicheza kama watu waliokula asubuhi. Dupree, mrushaji wetu, aliurusha mpira yadi arobaini, ukadakwa, tukavuka mstari, na Clemon akamwaga kahawa kwenye viatu vya jirani. Baada ya hapo Dupree hakupata tena nafasi ya kuinua kichwa. Ameangushwa na mpira mkononi mara sita, nilihesabu. Mara ya nne alibaki chali akitazama mbingu kwa muda mrefu, nikadhani anasali.

Kosa si lake. Siku hizi anayelinda mgongo wake upande wa kushoto ni kijana mmoja kutoka Arkansas, mpole, ana adabu zake, na kumpita ni rahisi kama kupita pazia. Mzee mmoja nyuma yetu alikuwa anamsimanga tangu mwanzo: "We Arkansas, funga mlango bwana, nzi wanaingia." Nilicheka na wengine. Halafu safu nzima tukatazama viatu vyetu, maana wote tulikuwa tunafikiria jina moja. Upande ule alisimama Kendrell kwa miaka mitatu, na miaka hiyo mrushaji wetu angeweza kukaa pale nyuma akasoma gazeti.

Wakati wa mapumziko bendi yetu iliishinda yao, kama kawaida. Bendi haijawahi kutuangusha.

Sasa tufike kwa Kendrell Suggs. Siku hizi unamjua wewe kuliko mimi, lakini acha nikukumbushe alikotoka. Kanisa letu liligawa wachezaji wageni kwa nyumba, kila nyumba mmoja, kila Alhamisi jioni, ili watoto wa watu wasile vya kwenye karatasi mwaka mzima. Mimi nilipewa yeye kwa sababu nilikuwa na kiti kisicho na mikono. Alikuwa na miaka kumi na nane na mwili wa kuziba mlango, na mwaka wa kwanza hakusema zaidi ya "ndiyo, mama" na "asante, mama." Alikula kunde, alikula mboga za majani na mguu wa nguruwe wa moshi, na mwisho aliomba ukoko wa mkate wa mahindi. Mwaka wa pili alikuwa hagongi tena mlango. Mwaka wa tatu alimfundisha Clemon kutuma picha kwa simu, jambo ambalo sijamsamehe.

Unajua Mungu hakutujalia mtoto mimi na Clemon. Sijalia mbele yako kwa ajili ya hilo na sitaanza leo. Ila zile Alhamisi nilikuwa napika tangu saa nane mchana, na kabla ya kila mchezo yule kijana alikuwa anasimama pembeni mwa uwanja, anainua mkono wake wa kushoto kuelekea safu ya kumi na mbili, tunapokaa mimi na Clemon. Watu wakigeuka kuangalia ni nani anayesalimiwa, nilikuwa najifanya natafuta miwani.

Mama yake mzazi yupo Memphis, anafanya kazi hospitalini zamu mbili, na yeye simwonei wivu. Mama ni mama. Nakuonea wivu wewe, Ozella. Nimeshasema, sasa tuendelee.

Alipoamua kuhamia chuo chenu cha Saint Orrin, sikumlaumu. Huko kwenu uwanja ni mkubwa, na wale wanaonunua wachezaji wa kulipwa huja kutazama kila wiki. Alikaa jikoni kwangu akashindwa kumaliza sahani, mara yake ya kwanza. Ni mimi niliyemwandikia namba yako kwenye karatasi. Ni mimi niliyekupigia nikakwambia, mpe chakula, ana aibu, usimlazimishe kuongea. Sikukwambia umpe kiti cha baba mwisho wa meza. Sikukwambia umkatie ukoko kwenye kikaango cha chuma cha mama, ambacho mpaka leo sijui kilifikaje kwako wakati mama alikuwa ameniahidi mimi mbele ya watu.

Na ile picha uliyotuma mwezi wa tisa. Clemon aliileta akitabasamu kabla hajasoma maneno ya chini. "Mama Zella na kijana wake." Miaka mitatu mimi nilikuwa Shangazi Vee, nikaona ni heshima kubwa. Wewe wiki sita tu umekuwa mama. Nilimwuliza Clemon, huyu mwanamke anatia nini kwenye mkate? Akasema, "Labda sukari, mke wangu." Nilimnunia mpaka Jumanne.

Wazee husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi mzaliwa nami ndiye aliyenichukulia mla nami, sasa sijui nife na nani.

Basi, Jumamosi ijayo mnakuja. Fahali wenu wameshinda nane na kufungwa moja tu, na sitajidanganya. Juzi nilikaa mbele ya televisheni na daftari kutazama mchezo wenu wa wiki iliyopita, kama ninavyofanya kwa kila timu inayotujia. Mrushaji wenu ana mkono mzuri na miguu mizito. Walinzi wenu wa nyuma wanaruka mapema. Ukiwadanganya kwa macho wanakimbilia pasipo na mpira. Mpigaji teke wenu sikumwamini hata kidogo, ana uso wa mtu aliyesahau jiko linawaka. Tungekuwa na mlinzi wa kushoto, ningesema tunawaweza.

Lakini macho yangu hayakukaa kwa hao. Yalikaa kwa Kendrell. Na hapo ndipo nilipouona ule mkono.

Nikueleze vizuri. Mezani kwangu, Kendrell akitaka kuongeza chakula hakuwa anasema. Alikuwa anakandamiza meza kwa vidole vya mkono wa kushoto kabla ya kunyanyuka, vidole vinazama kwenye kitambaa. Kama ameshiba na anakaa tu kwa adabu, ule mkono ulikuwa unagusa meza kwa ncha. Nilikuwa nautazama mkono, nikisogeza bakuli kabla hajaomba, na yeye akishangaa. "Shangazi, umejuaje?" Sikumwambia hata siku moja.

Sasa Ozella, uwanjani anafanya hivyo hivyo. Akiinama pale mstarini na vidole vimezama kwenye nyasi, anakwenda mbele, na mpira wanakimbia nao. Akigusa nyasi kwa ncha tu, anarudi nyuma kumlinda mrushaji, maana mpira utarushwa. Nilianza kumwambia Clemon kila mara kabla mpira haujaanzishwa: wanakimbia, wanarusha, wanarusha, wanakimbia. Kati ya mara ishirini nilikosa moja. Clemon alizima sauti ya televisheni akanitazama.

"Vee, hilo jambo kocha wetu analijua?"

"Analijua mpishi," nikamwambia.

Akawasha sauti tena. Lakini mimi sikulala vizuri kwa siku mbili. Nilikuwa namwona kama kwenye ile picha, pale kwenye kiti cha baba, kikaango cha mama mbele yake, na wewe umeweka mkono begani kwake kana kwamba umemzaa. Nikawaza, acha basi ajue waliomlea wanamjua. Acha aangushwe mara moja hapa kwetu, mbele ya safu ya kumi na mbili, na wewe uwe umekaa kule upande wa wageni na kofia yako ya zambarau.

Leo baada ya ibada nimemwambia kocha msaidizi wa Korongo. Anasali nasi, yule mwenye gari jeupe. Nilimsimamisha hapo nje kanisani nikamweleza mkono wote, wa nyasi na wa meza. Kwanza alicheka, kisha akaacha kucheka, akatoa simu na kuandika. Aliniita dada, akaniita jembe, akasema nastahili mshahara. Sitakuficha, nilijisikia vizuri sana, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Halafu akauliza, bila hata kuinua macho kwenye simu: "Na lile goti lililokuwa linamsumbua, ni la kulia au la kushoto?"

Mimi nalijua goti hilo. Msimu uliopita nililikanda jikoni kwangu kwa mfuko wa kunde zilizogandishwa, nusu saa nusu saa, huku anasoma kitabu cha hesabu na kujifanya haumwi. Nikasimama pale mbele ya kanisa, Biblia kwapani, nikamwambia sikumbuki.

"Jaribu kukumbuka, dada. Tukimjia upande huo mara mbili tatu, basi, shughuli imekwisha."

Nikamwambia mimi ni mzee, nachanganya magoti. Nikaenda kwenye gari. Clemon aliniuliza kuna nini, nikamwambia aendeshe, na chakula cha mchana hatujala mpaka sasa. Sikuwa nimefikiria kwamba ukifungua mlango kwa ajili ya mkono, mwingine ataingia kutafuta goti. Nilitaka aangushwe kidogo. Sasa nadhani hakuna kuangushwa kidogo, kwa mtu mzito kama yule.

Kwa hiyo ninakuomba, na unajua ni mara ngapi nimekuomba kitu katika maisha haya. Alhamisi, kabla hujaleta pai ya viazi vitamu, kaa naye peke yake. Mwambie azamishe vidole kwenye nyasi kila mara, akienda mbele au akirudi nyuma, mkono uwe mmoja. Afanyie mazoezi mezani kama hana pengine. Na hilo goti alifunge vizuri, ila afunge yote mawili, ili asijue mtu ni lipi.

Mwambie umeona wewe mwenyewe kwenye televisheni. Ataamini. Mimi usinitaje, kwa sababu akijua nimeuona mkono atauliza na mengine, na naona aibu. Jumamosi nitavaa kijani changu na kushangilia Korongo, na kama tutafungwa kwa sababu ya barua hii, Clemon asijue mpaka nimezikwa.

Nisalimie shemeji Lonnie, mwambie alalie mbao. Nisalimie shangazi Ruthie Mae huko nyumba ya wazee, na umpelekee kipande cha mkate, ila umwambie ni mapishi ya mama, si yako. Clemon anakusalimu sana. Yeye hana ugomvi na mtu. Mungu akae nyumbani kwako, awashike barabarani Ijumaa mtakapokuja, na akupe miaka mingi ya kula kwenye kikaango ambacho si chako.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata wiki hii,

Verdell

Nyongeza: Ni Jumatatu asubuhi, nimefika posta na nimeifungua bahasha tena nikiwa kwenye foleni. Usimwambie umeona wewe. Nimekupa kiti, nimekupa ukoko, jina la mama umejichukulia, lakini mkono huo ni mimi niliyeujua. Mwambie ni Shangazi Vee, aliuona mezani kwake miaka mitatu. Akiuliza kwa nini ninaogopa, mwambie na hilo la kocha, usipunguze. Afadhali anijue nilivyo kuliko akushukuru wewe.

Jumamosi nitakuwa safu ya kumi na mbili. Akitaka kuinua mkono, anajua niko wapi. Asipoinua, nitatafuta miwani.