Valvu Ibaki Wazi

Jumatatu, 6 Oktoba

Chai, chapati ya jana, kisha skrini. Vituo vyote vya maji vinaonekana isipokuwa viwili vya upande wa Mkalama. Hivyo nimeshavizoea, mtandao huko huja unapotaka.

Vituo zaidi ya mia tatu mkoa mzima. Kila kimoja na boksi lake la chuma, kompyuta ndogo ndani, sola juu. Mtu anagusisha kadi, boksi linafungua valvu, ndoo inajaa. Mimi nayaangalia yote nikiwa hapa Singida mjini. Zamani tulizunguka na pikipiki, boksi kwa boksi, flashi mfukoni. Ukimaliza mkoa, la kwanza limeshapitwa na wakati. Sasa nina programu niliyoiandika mwenyewe. Naipa toleo jipya, yenyewe inalipeleka kwenye kila boksi, inalisakinisha, inaliwasha boksi upya, inaniletea majibu. Naipenda programu hii. Sioni aibu kuandika hivyo.

Ila safari hii hakuna mchezo. Ufunguo wa siri ambao maboksi yanautumia kuitambua seva yetu unaisha muda wake mwisho wa mwezi. Boksi litakalokosa ufunguo mpya, uliomo kwenye toleo hili, halitatusikia tena, na kadi zitakataliwa. Mwezi huu, ambapo hata madimbwi ya ng'ombe yamekauka.

Tutamaliza mapema. Najua ninachofanya.

Jumanne, 7 Oktoba

Kikao na bosi wangu, Mhandisi Kitundu. Anataka maboksi yote yasasishwe kwa siku moja. Kuna wageni kutoka Dodoma wiki ijayo, anataka wakute skrini nzima ya kijani, rangi ya boksi lililosasishwa. Nimekataa. Machache kwanza, tuyaangalie, halafu mengi, halafu yote. Boksi likishindwa na toleo jipya, linajirudisha lenyewe kwenye la zamani.

"Rehema, unanichelewesha."

Nikamwambia bora tuchelewe kuliko kuua vituo vyote kwa mpigo. Ameguna, amekubali. Hakupenda.

Kundi la kwanza mchana. Mandewa na vijiji vya jirani, mahali ninapoweza kufika kwa bodaboda mambo yakiharibika. Hayakuharibika. Yote kijani kabla sijamaliza wali wangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya.

Kundi la pili nimelianza alfajiri, nilitaka nimalize mapema. Iramba safi. Ikungi mpaka Sepuka safi. Upande wa Itigi maboksi manne yakapotea kwa pamoja. Matatu yakarudi. Moja linaibuka, linapotea, linaibuka tena, kama mtu anayezama.

Nimesimamisha kila kitu. Amri moja, foleni ya mkoa mzima ikasimama.

Nimempigia msimamizi wa kituo hicho, Mama Joyce. Hatujawahi kuonana. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Maji yamekata toka asubuhi. Kadi zinalia tu. Watu wamejaa hapa na punda wao."

Nikasema nalishughulikia.

"Haya, shughulika mama. Sisi tunasubiri."

Hakuwa mkali. Hilo ndilo limeniuma.

Nimelivizia boksi kila linapoibuka. Nimepata kusoma kipimo cha betri kabla halijakufa tena. Betri iko hoi. Toleo halina tatizo. Boksi lilijaribu kujirudisha kwenye la zamani kama nilivyolifundisha, lakini kuwaka upya kunakula umeme, na alfajiri betri imetumika usiku kucha, jua bado. Linawaka, linaishiwa, linazima. Na likizima, valvu imefungwa. Kisima kina maji, tangi limejaa, watu wanaangalia koki kavu.

Nilifikiria mambo mengi. Jua sikulifikiria.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama Joyce amevunja boksi. Kakata kufuli, kafungua valvu kwa spana. Maji yanatoka, kila mtu anachota bila kadi.

Mhandisi amepata habari kabla yangu. Alikuja mezani kwangu amevimba. Anataka mama yule aondolewe leo hii, na polisi wa Itigi waarifiwe. Kuharibu mali ya umma.

Nimesimama. Sijui kwa nini nilisimama, kiti hakikuwa na tatizo. Nikamwambia kilichofunga maji ni sasisho langu na betri yetu, Mama Joyce ameyafungua tu. Kama ni polisi, waanze na mimi.

Akaenda mpaka mlangoni, akageuka.

"Kesho tunakwenda wote. Nikajionee."

Sawa. Nimechukua betri mpya stoo, na kufuli jingine. Nina hasira na pia naogopa. Hasira ni nyingi zaidi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Itigi na kurudi. Mgongo unauma.

Baada ya reli ni vichaka vitupu, gari linachanwa na miiba pande zote mbili. Mhandisi alishika usukani kwa mikono miwili njia nzima. Nilijua anapanga maneno.

Mama Joyce ni mfupi, mzee kuliko nilivyodhani, kitenge kimekazwa kiunoni, miguuni viatu vya matairi. Hakuwaacha watu wajichotee ovyo. Amewapanga. Zahanati kwanza, kisha wenye watoto wadogo, kisha wengine, mifugo mwisho. Koki anafunga na kufungua yeye. Hakuna tone chini.

Mhandisi akamwamkia, maana ni mkubwa kwake. Hapo ukali ukapungua nusu. Akauliza nani amekata kufuli.

"Mimi. Zahanati kuna mama amejifungua jana asubuhi. Nesi amekuja na ndoo tupu. Binti yako alinipigia simu juzi, akasema analishughulikia. Nikasubiri. Baadaye nikachoka kusubiri."

"Ungetupigia."

"Ningewapigia, halafu mtoto aogeshwe na nini?"

Mhandisi akazitazama ndoo zilizopangwa foleni. Alitembea mpaka zahanati peke yake. Sijui aliona nini, hakuniambia. Aliporudi alivua koti, akapanda kunisaidia kufuta sola. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake kama unga wa mhogo.

Nimebadilisha betri, nikaweka toleo jipya pale pale. Kadi ya kwanza kugusishwa ilikuwa ya yule nesi. Valvu ikafunguka.

Njia ya kurudi nikasema nililokuwa nalo toka juzi. Boksi likihisi betri inakwisha, nguvu yake ya mwisho liitumie kufungua valvu. Koki ya mkono iko mbele yake, maji hayatamwagika.

"Watu watachota bure."

"Watachota, mpaka tutakapolitengeneza."

Aliniacha mlangoni kwetu, akasema atalifikiria.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jana baada ya misa nimeandika mabadiliko. Mawili tu. Boksi lisianze kusasishwa mpaka betri ijae na jua liwe kali. Na boksi likiishiwa, valvu ibaki wazi. Leo nimeyajaribu kwenye maboksi ya ofisini, nimechomoa betri kwa makusudi mara nyingi mpaka fundi wa stoo akaniuliza kama nina ugomvi nayo. Kila mara valvu ilifunguka kabla taa haijazima.

Mhandisi amekuja kuangalia. Amechomoa na yeye. Valvu ikafunguka.

"Weka. Nikiulizwa nitajibu mimi."

Nikauliza, na Mama Joyce?

"Mama Joyce anaendelea na kazi yake."

Kisha akaenda kuwapokea wageni wake. Skrini ilikuwa nusu kijani, nusu njano, yaani maboksi yanayongoja. Nilimsikia kupitia mlango akiwaeleza kwa nini njano ipo, bila kupamba. Sikutegemea.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo yote.

Nilisubiri jua lipande. Mawingu upande wa Iramba, nikasubiri tena. Watu ofisini walipita nyuma yangu wakijifanya wana shughuli. Betri zilipojaa, nikaruhusu.

Yakaanza yenyewe. Kila boksi linajipima, lililo tayari linaingia, lisilo tayari linangoja zamu. Manyoni ikageuka kijani. Ikungi. Itigi yote. Nilikuwa sigusi kitu. Nimekalia mikono yangu kama mtoto aliyekatazwa.

Halafu boksi moja la Mkalama likazima katikati. Nikampigia msimamizi wake, kijana mpole, nikamuuliza maji.

"Yapo, dada. Ila kadi haifanyi kazi. Koki inatoa maji tu bila kadi. Nifunge?"

Nikamwambia asifunge, awaache watu wachote.

Baadaye jua likaongezeka, boksi likaamka, likamalizia lilipoishia, likarudi kwenye kadi. Hakuna aliyekata kufuli. Nilikwenda uani nikanawa uso, nikakaa huko kidogo.

Kufikia jioni, kijani mkoa mzima. Hata yale mawili korofi ya Mkalama.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda ofisini wala sikufungua skrini. Nimefua. Mama ananiambia kwa Kinyaturu kwamba nimekonda, anaongeza mlenda kwenye sahani yangu bila kuuliza. Nimekula wote.

Mchana simu ikaita, Mama Joyce. Nikaacha beseni, mikono ina povu, nikapokea nikiuliza maji vipi hata kabla ya shikamoo.

Akacheka. Maji yapo. Amepiga kunisalimia tu, na kusema yule mtoto wa zahanati amepewa jina langu, Rehema. Hajui kama ni zuri. Ameniuliza mimi naonaje.

Nikamwambia ni zuri. Tukaongea kidogo kuhusu mvua, kama itawahi mwaka huu. Kisha nikarudi kuanika mashuka.