Kadi ya Ubatizo ya Elise

Kolwezi, tarehe 8 Aprili 2024

Kwa binti yangu mpendwa Elise,

Nakusalimu kwa heshima na kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Kitwe haikusumbui tena kifuani. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo kwa umri wangu hayana haki ya kulalamika. Niwie radhi kwa kuchelewa: ombi lako lilinifikia wiki tatu zilizopita, na mtu mwenye adabu hujibu kwa wiki moja.

Shida nimeielewa. Wanaotoa kibali cha kazi na ukaazi huko Zambia wanauliza: ikiwa baba yako ni Kankolongo, kwa nini diploma yako ya uuguzi inasema Elise Kalombo? Huku kwetu hakuna anayeuliza hivyo. Mtoto hupewa jina la yeyote tunayemheshimu. Wao wanashuku kuwa diploma ni ya mtu mwingine, na wanataka niape kwa maandishi kwamba wewe ni mtoto wa damu yangu.

Nilikwenda ofisi ya serikali ya komini. Karani alikuwa ameandika kila kitu, ikabaki saini. Nikashika kalamu, kisha nikamwomba radhi, nikasema nimesahau miwani.

"Mzee," akacheka, "miwani iko mu macho yako!"

Nitarudi huko. Barua hii inaletwa na Hénock, dereva wa lori.

Tata yako,
Stanislas Kankolongo


Kitwe, 19 Aprili

Tata, jambo sana. Muko muzuri? Magoti inaendelea namna gani? Mi niko muzima wa mwili. Roho ndiyo haitulie.

Munisamehe, Tata, lakini miwani? Kibali changu cha muda kinaisha tarehe 20 Mei. Jumanne askari balikuja ku nyumba ya jirani, Gael, ule fundi wa Likasi. Alikuwa ananyoa ndevu. Balimupeleka na sabuni ku shavu. Sasa mutu akigonga tu, mi nazima redio, nakaa chini nyuma ya kitanda. Ku hospitali mukubwa wetu anasema bila kibali atatafuta muuguzi mwingine.

Mutie saini tu, Tata. Batu bote banatia. Ni uongo gani? Mi si mutoto wenu?

Mutoto wenu,
Elise


Kitwe, 6 Mei

Tata, jambo. Muko mugonjwa?

Hénock amefika mikono mitupu. Anasema alikuta mumekaa, valise ya zamani ya nguo ya marehemu mama ku magoti. Inabakia siku kumi na ine. Lakini sasa mi naogopa juu yenu kuliko juu ya kibali. Muniandikie hata neno moja.

Mutoto wenu,
Elise


Kolwezi, tarehe 11 Mei

Binti yangu Elise,

Amani iwe nawe. Naomba radhi mara mbili: kwa majuma haya, na kwa miaka thelathini na mmoja.

Uliuliza ni uongo gani. Mwaka 1993, sisi watu wa asili ya Kasai tulipofukuzwa huku, tulingoja treni stesheni majuma mengi, mvua ikitunyeshea. Mdogo wangu Kalombo alikufa pale kwa kuhara. Mkewe, Ernestine, akamfuata siku ya nne. Walituachia mtoto wa miezi mitatu, na kadi ya ubatizo iliyoshonwa ndani ya kitambaa cha kumbebea. Mtoto huyo ni wewe. Sikuthubutu kumnyang'anya marehemu jina lake. Nilikuandikisha nalo shuleni, nikakuambia ni la heshima tu.

Mama yako Charlotte, alipokuwa anakufa, alinishika mkono. "Stani, usimuambie. Atatuacha."

Nikamjibu, "Hatatuacha."

"Kama unajua hivyo, juu ya nini unatetemeka?"

Kadi imekuwa ndani ya valise yake siku zote. Inasema: Elise, mtoto wa Kalombo na Ernestine. Jina ni lile lile la diploma. Kadi hiyo yaweza kukuokoa. Kiapo changu kingekuwa cha uongo, na siku kikigunduliwa ungefungwa wewe. Lakini nikiri yote: sikumwogopa Mungu peke yake. Niliogopa kwamba karatasi itakayokupa nchi itaniacha mimi bila mtoto.

Sikuweza kumkabidhi dereva kadi hiyo. Tangu treni iliponirudisha Kolwezi, fujo zilipokwisha, sijasafiri tena mbali. Nikiona tu watu wamebanana na mizigo yao, nageuka narudi nyumbani. Hata hivyo nimeomba hati ya kupita mpakani, nami nimeipata. Ni ya wiki mbili.

Tata yako, ikiwa bado utaniita hivyo,
Stanislas

Kitwe, tarehe 14. Barua hii imeletwa na mimi mwenyewe. Aliyegonga mlango wako mara mbili hakuwa askari, ni mimi. Niwie radhi kwa kukutisha. Naipitisha chini ya mlango. Niko nje, nimekalia valise ya mama yako, kadi imo ndani. Usiharakishe kufungua. Kungoja naweza.