Kwa Mwalimu Luvenia Gilmore, Aliyeuliza Ndege Ni Nani

Alhamisi ile, tarehe 18 Aprili, ndiyo siku mambo yetu yalipoharibika, na leo umetimia mwaka tangu ututoke, Luvenia. Mchana bodi ya shule za wilaya ya Tallis, hapa Alabama, ilikusimamisha kazi na kukunyang'anya funguo za darasa. Jioni ukaanguka kwenye ngazi za nyumba. Gari la wagonjwa lilitoka wilaya ya jirani, maana hospitali yetu wakubwa walishaifunga. Lilipofika, halikuwa na kazi tena.

Mumeo Otha hakusoma sana, kila mtu anajua. Yeye alikata mbao kiwandani. Wewe ulisahihisha insha jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Keki yako ya siagi haikukatwa mpaka ipoe, hata aombe mchungaji. Na mchungaji huyohuyo ulimsahihisha lugha mlangoni mwa kanisa, umemshika mkono, unatabasamu, naye anajibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa kuwa alipitia mikononi mwako.

Kila masika ulisoma na wanafunzi kitabu kile cha zamani chenye ndege kwenye jina lake. Mwaka mmoja ulimsomea Otha barazani, sura baada ya sura, mpaka akakasirika.

"Luvenia, mbona ndege mwenyewe hatokei? Au kurasa zake zimenyofolewa?"

Ulicheka ukashika mbavu. "Mume wangu, ndege ni mtu. Ni yule asiyemdhuru yeyote, anaimba zake tu, halafu anapigwa kwa sababu mwenye bunduki alitaka kulenga kitu."

Otha hajaelezwa jambo vizuri namna hiyo, si kabla wala baada.

Mwaka jana ukauliza darasani kama kawaida yako: ndege ni nani? Wengi walitaja watu wa kitabuni. Keyonna Rudolph akasimama. "Mwalimu, ni kaka yangu Dontrell."

Dontrell alishikwa kwa wizi wa dukani, akafa kwa pumu rumande huku akiomba dawa yake. Mwizi wa kweli alipatikana baadaye. Hukumwambia Keyonna akae. Ulisema, "Umesoma vizuri kuliko wote," ukaandika jina la Dontrell ubaoni.

Wakubwa wakasema umeleta siasa shuleni, uombe radhi. Watu haohao hawajamwomba radhi mama yake Dontrell mpaka leo! Alhamisi ile ulikwenda mbele ya bodi na suti yako ya njano ya kanisani. "Kuomba radhi nakujua," ukawaambia, "nimewafundisha watoto wenu. Hapa sina cha kuombea." Otha alikaa nyuma, kofia mkononi. Alitaka kupiga makofi, akaogopa utamkanya.

Siku ya mazishi, wanafunzi wako wa kike walibeba mashada kuyatoa kanisani, kama ilivyo desturi yetu. Shada la bodi lilikuwa kubwa kuliko yote, limesimama juu ya chuma cha miguu mitatu. Zamu ikamfikia Keyonna. Akalitazama, akalipita.

"Binti, chukua basi, watu wanangoja," mzee wa kanisa akamnong'oneza.

"Hilo lina miguu, babu. Litembee lenyewe."

Kanisa zima lilicheka kwenye msiba wako, Luvenia, na dada yako Ozella akacheka kuliko wote. Shada likabaki ndani peke yake. Otha alitoka nyuma ya jeneza kifua mbele.

Lakini adhabu yako haijafutwa. Picha yako haijawekwa ukumbini pamoja na za walimu wengine. Kila mwezi mumeo hupanga foleni kwenye kikao cha bodi, wananchi wanaporuhusiwa kusema. Haombi fidia, anataka jina lako lirudi safi.

Tunakukumbuka na tutazidi kukukumbuka: mumeo Otha, binti zako Renata na Marvelle, dada yako Ozella, wajukuu, Keyonna na mama yake, na wote uliowafundisha kusoma na kusimama.

Mwenyekiti wa bodi humwambia Otha, "Asante, Bwana Gilmore. Anayefuata!" Naye haketi mpaka amemaliza kuuliza: katika yote aliyofundisha mke wangu, la uongo lilikuwa lipi?