Nusu Mbili za Nchani

Jumatatu, 4 Machi
Hali nne! Makala yetu nzima imesimama juu ya hizo nne, na Ijumaa inatumwa jaridani. Ndani ya kompyuta nina mnyororo wa sumaku ndogo ndogo, kila moja imemshika jirani yake, nami natafuta unavyotulia ukiachwa utulie kabisa. Profesa alitarajia hali moja tu ya kutulia. Mimi nimepata nne. Leo kaniita "binti yangu" mbele za watu!

Mama kapiga simu. Anauliza sumaku hizo zinauzwa? Nikasema hazishikiki. Akasema haya, nisisahau kula.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwisha.

Ofisini kwetu hakuna anayeacha mnyororo wazi. Sheria ya Profesa: funga pete, ya mwisho iishike ya kwanza, kwa sababu ncha huleta takataka, matokeo ya uongo. Leo nilifungua programu kubadilisha rangi ya mchoro tu. Nikaona hesabu ya majirani inaishia nafasi moja kabla ya mwisho. Ya mwisho haijamshika mtu! Miezi yote hii nilidhani nina pete, kumbe nina kamba.

Nimeunganisha. Imebaki hali moja.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia Profesa. Hakufoka. Bora angefoka. Kasema tu tufute hali nne, tuandike moja. Yaani tutangaze kitu ambacho kila mtu anakijua.

Feni (jirani yangu wa meza, hahami chini ya feni hata ikizimwa) kasema nishukuru nimegundua kabla ya wahakiki. Nimeshukuru, shingo upande.

Halafu nikaikata pete tena. Hasira tu, nadhani. Safari hii nikaangalia sumaku moja moja. Katikati shwari, hakuna kitu. Nchani — nusu ya sumaku! Nusu kamili upande huu, nusu kamili upande ule. Jamani! Kila sumaku niliyoweka ni nzima. Hakuna nusu popote kwenye programu, nimetafuta mstari kwa mstari. Zimetoka wapi?

Na kila nusu inaweza kuelekea juu au chini. Mbili mara mbili. Ndizo hali zangu nne!

Nimeenda dirishani, nikarudi, nusu zipo palepale. Feni kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia njoo uone. Akaacha feni yake.

Alhamisi, 7 Machi
Profesa hakushangaa. Kwenye mnyororo wa kawaida nusu hizo zinajulikana, kasema. Lakini wetu una kani ya ziada, na yeye mwenyewe aliwahi kuandika kwamba kani hiyo inaziua. "Hiyo ni takataka ya nchani, binti."

Nikapiga moyo konde: tutajuaje?

Kasema: "Zivuruge ncha. Takataka itapeperuka. Kitu cha kweli kitabaki."

Nataka zibaki. Si kwa ajili ya makala tena. Siwezi kuvumilia kwamba nimeona kitu kizuri namna ile na hakipo.

Ijumaa, 8 Machi
Makala mpya iko tayari, ya hali moja. Kilichobaki ni Profesa kubonyeza tu. Kapita mezani kwangu, mkoba begani, anaenda kuituma.

Nimelegeza kiungo cha mwisho mbele yake. Tumesubiri. Nusu imesogea ndani kidogo, kama mtu aliyesukumwa kwenye benchi. Nikajumlisha sumaku za upande huo: bado nusu. Nimelegeza zaidi, nikaongeza na fujo upande wa pili. Nusu. Machozi yananilengalenga, mbele ya bosi, aibu gani hii!

Simu ya Profesa inaita — mwenzetu wa makala, anauliza imeshatumwa? Kamjibu bado. Kaizima.

Kavuta kiti cha Feni, kakaa, mkoba ungali begani. Kanambia nirudie kwa kani yenye nguvu zaidi, ileile aliyoandika yeye kwamba inaziua.

Inakwenda sasa. Naandika huku nasubiri. Yeye kainamia kioo cha kompyuta hadi pumzi inakitia ukungu, anaufuta kwa mkono wa nguo yake, na ananong'ona, si kwangu: "Baki. Baki."