Karanga za Bakuli la Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Nimewasha mashine ya kusaga leo, mara ya kwanza tangu tumzike. Ilipoanza kunguruma nikageuka kumwambia mume wangu aipunguze — nikakuta stuli tupu.

Wateja wamekuja. Mama wa duka la pembeni kanishika mkono, eti siagi yetu ya karanga haina mpinzani, marehemu alikuwa na jicho la mwewe. Kweli. Karanga yenye kuvu haikumpita. Nzuri kwenye mashine, mbovu kwenye bakuli la kijani, na za bakuli anakula mwenyewe. Mteja asile uchafu, chakula kisitupwe, ndivyo alivyosema. Mimi zilinishinda, chungu! Alinicheka, ndevu zimejaa unga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefuata cheti cha kifo. Daktari akaniuliza kazi yetu. Nikamweleza yote, mpaka bakuli. Akaweka kalamu chini.

Kuvu lile hutoa sumu, kasema. Haionekani, kukaanga hakuiondoi, na ukiila miaka mingi inakumaliza ini. Hawezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuua. Ila nisimpe mtu tena.

Jioni nakunja mashati ya mume wangu — nikasikia mtu anatafuna sebuleni. Polepole, anapumzika, anaendelea. Yeye kabisa! Nikajikaza nikaenda.

Mamamkwe. Bakuli mkononi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwaga karanga zile jalalani. Mamamkwe kaziokota, kazipuliza vumbi! "We mke wa mwanangu, una wazimu? Nimezila hizi tangu sijaota meno, na sasa yanang'oka, bado nazila."

Nikacheka. Nitaanzia wapi? Kula za bakuli, mume wangu alifundishwa na huyu.

Usiku kucha, kutafuna. Sijui ni yupi, marehemu au mamake.

Jumapili, 10 Machi

Nimetoka kuchota maji, nikamkuta mamamkwe mkekani na Sisimizi — binti yetu, babake ndiye alimpa jina hilo. Mtoto kaachama kama kinda, bibi anamlisha. Nikaudaka mkono.

"Mama, usimpe!"

"Kulikoni?"

Daktari kasema zina sumu, nikamjibu. Nikaishia hapo.

"Sumu! Hebu niondolee! Baba yake nimemlea kwa hizi hizi. Nachambua, yeye yuko mgongoni, namtafunia kwanza, halafu nam—"

Taya likasimama. Shavu bado limejaa.

Nimemtoa mtoto nje, nimemsukutua mdomo. Sasa niko jikoni, naandika nimesimama. Kutoka hapa namwona mgongo tu. Hajatema, hajameza. Bakuli kalishika kwa mikono miwili.

Ameniita. Sauti ndogo, sijawahi kuisikia kwake.

"Mwanangu. Njoo ukae hapa. Niambie vizuri, huyo daktari alisema nini."

Nimesema nakuja, Mama. Naweka kalamu chini.